Kuamrisha kwa Kihispania: mwongozo kamili wa amri yakinishi kwa vitenzi vya kawaida

Habla. Hable. Maneno yote mawili maana yake ni "sema", lakini la kwanza unamwambia rafiki yako na la pili unamwambia mama mkwe wake. Kilichobadilika ni irabu moja ya mwisho, na irabu hiyo ndiyo inayobeba heshima yote.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajua kusema hablo, como, vivo, ana salamu mbili tatu kinywani, na sasa anataka kuwaelekeza watu: mwongoza watalii wa Arusha mwenye gari lililojaa wageni kutoka Barcelona, mhudumu wa hoteli ya Zanzibar, mwanafunzi anayejiandaa kwenda Hispania. Tutashughulika na "fanya" peke yake. "Usifanye" ina maumbo yake, na ukijifunza yote mawili kwa mkupuo mmoja utayachanganya.

Mswahili anaingia kwenye somo hili akiwa na mtaji. Sisi tunasema "soma", halafu "asome", "tusome", "someni". Sikio letu limezoea kwamba a ya mwisho inaweza kugeuka e pale mtu anapoagizwa au kuombwa jambo. Kihispania kinafanya karibu hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Amua kwanza unamwambia nani

Vitabu vingi huanza na majedwali ya viishio. Mimi naona ni kuanzia mkiani, kwa sababu huwezi kuchagua kiishio kabla hujajua umesimama mbele ya nani. Walengwa wa kawaida ni hawa:

Tú ni mtu mmoja mliyezoeana: rafiki, ndugu, mtoto, mwenzako wa rika. Hispania wanalitumia sana, hata kati ya muuza duka kijana na mteja wake.

Usted ni mtu mmoja unayempa heshima: mzee, daktari, ofisa, mteja usiyemjua. Neno hili limetokana na vuestra merced, namna ya zamani ya kumwita mtu mheshimiwa, na ndiyo maana kisarufi usted hufuata nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia "yeye". Bogotá utawasikia hata marafiki na watu wa nyumba moja wakiitana usted bila ubaridi wowote.

Ustedes ni watu wengi. Amerika ya Kilatini hutumika kwa wote, wawe watoto wa chekechea au majaji. Hispania bara ni kwa wale wa kuheshimiwa tu.

Vosotros ni watu wengi mliozoeana, na ni ya Hispania. Hata huko, katika visiwa vya Canarias watu wengi hutumia ustedes badala yake.

Vos ni mtu mmoja mliyezoeana, badala ya tú, katika Argentina, Uruguay, Paraguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati.

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika, kwa hiyo hakuna chaguo moja litakalokufaa kila mahali. Ushauri wangu kwa anayefanya kazi na wageni ni huu: anza na usted na ustedes. Hakuna atakayekasirika kwa kuheshimiwa, na ustedes inaeleweka kote. Ongeza tú, kisha vosotros kama wageni wako wengi wanatoka Hispania. Vos jifunze kuitambua. Utaitumia ukiwa na Waajentina.

Hatua ya 2: Kata kitenzi

Kila kitenzi katika kamusi ya Kihispania huishia na -ar, -er au -ir. Kata herufi hizo mbili, kinachobaki ni mzizi.

hablar (kusema): habl-
beber (kunywa): beb-
abrir (kufungua): abr-

Vitatu hivi vitatutosha kwa hatua zinazofuata. Ukivimudu, umemudu mirar (kutazama), esperar (kusubiri), caminar (kutembea kwa miguu), comprar (kununua), comer (kula), correr (kukimbia), leer (kusoma), escribir (kuandika), subir (kupanda), compartir (kugawana), na mamia ya vingine.

Hatua ya 3: Tú

Kwa -ar weka a. Kwa -er na -ir weka e.

¡Habla! Sema!
¡Bebe! Kunywa!
¡Abre! Fungua!

Hapa hakuna umbo jipya. Ni lile lile la wakati uliopo ulilolitumia kwa él na ella: habla ni "anasema" na pia "sema!". Sauti na muktadha ndivyo vinavyotofautisha. Ukiandika, weka alama mbili za mshangao, ya kwanza ikiwa imegeuzwa juu chini, pale tu amri ina msisitizo. Maelekezo ya kawaida yanaishia na nukta.

Hatua ya 4: Usted, yaani geuza irabu

Hapa ndipo moyo wa somo ulipo. Irabu za tú zinabadilishana nafasi: penye a unaweka e, penye e unaweka a.

Hable. Beba. Abra.

Kwa vitenzi vya -ar, Mswahili hana kazi kubwa: habla inakuwa hable kama "soma" inavyokuwa "asome". Na kufanana huko kunaenda mbali kuliko sauti, kwa sababu hable ndilo umbo linalotumika pia kwa "aseme" katika sentensi kama "nataka aseme". Unapomwambia mzee hable, kisarufi ni kama umesema "na aseme", ingawa uko naye uso kwa uso.

Penye taabu ni vitenzi vya -er na -ir, kwa sababu vinakwenda kinyume na mazoea yetu. Heshima inakuja na a: beba, coma, corra, lea, abra, escriba, suba. Mwanafunzi aliyezoea kwamba e ndiyo sauti ya upole atasema bebe kwa bibi wa miaka themanini na kuona amemheshimu, kumbe amemwambia kama anavyomwambia mjukuu. Dawa yake ni kuvitamka viwili viwili kwa sauti mpaka ulimi uzoee: habla, hable, bebe, beba, abre, abra, mira, mire, come, coma, sube, suba.

Jambo jingine linaloambatana na usted: kila kitu katika sentensi kifuate nafsi ya tatu. "Fungua begi lako" ni Abra su mochila. Ukisema Abra tu mochila, umeanza kwa heshima na kumalizia kwa mazoea, na msikilizaji atabaki hajui umemweka wapi. Kwa tú ni Abre tu mochila.

Hatua ya 5: Wingi

Ustedes haina kazi. Chukua umbo la usted, ongeza n: hablen, beban, abran. Sisi tunaongeza -ni, "semeni", wao wanaongeza n.

Vosotros ni rahisi kuliko zote, na inasikitisha kwamba wengi huiogopa. Chukua neno lilivyo kwenye kamusi, toa r, weka d: hablad, bebed, abrid. Haina kigeugeu hata kwa vitenzi vinavyosumbua kwingineko. Mtaani Hispania utasikia watu wakiacha r ile ile na kusema hablar, beber. Elewa wanachosema, lakini wewe andika na utamke d, kwa sababu ndiyo sanifu.

Vos nayo: toa r, usiweke kitu, halafu peleka mkazo kwenye silabi ya mwisho na uuandike. Hablá, bebé, abrí.

Iko pia amri ya nosotros (sisi), inayomjumuisha msemaji, "tuseme", "tule", "tufungue": hablemos, comamos, abramos. Irabu ni zile zile za usted, kisha -mos. Inafaa sana kwa kiongozi wa msafara: Descansemos aquí, tupumzike hapa.

Hatua ya 6: Tahajia inayolinda sauti

Baadhi ya vitenzi vya kawaida hubadilisha herufi moja katika umbo la usted, ustedes na nosotros. Havijawa vya ajabu. Vinalinda sauti ya mzizi tu. Herufi c mbele ya e haisomwi k, na g mbele ya e inakuwa kama kh. Kwa hiyo:

-car hugeuka -que: tocar, toque (gusa), sacar, saque (toa)
-gar hugeuka -gue: pagar, pague (lipa); apagar, apague (zima)
-zar hugeuka -ce: cruzar, cruce (vuka)
-ger na -gir hugeuka -ja: recoger, recoja (okota, kusanya)

Umbo la tú halibadiliki kwa sababu irabu yake haileti tatizo: toca, paga, cruza, recoge. Kadhalika vosotros: tocad, pagad, cruzad, recoged.

Hatua ya 7: "Nisubiri", "kinunue", "mwandikie"

Kiswahili hutanguliza mtendwa: ni-subiri, ki-nunue. Kihispania, katika amri yakinishi, humbandika nyuma na kuandika neno moja.

Espera + me: espérame, nisubiri
Compre + lo: cómprelo, kinunue
Escriba + le: escríbale, mwandikie
Abran + la: ábranla, lifungueni (dirisha, la ventana)

Vinaweza kuwa viwili kwa pamoja, jambo ambalo kitenzi chetu hakiruhusu. Wa kwanza ni mtu, wa pili ni kitu: cómpramelo, yaani ninunulie hicho. Na le ikikutana na lo, le hugeuka se: cómpraselo, mnunulie hicho.

Sasa tukae kidogo kwenye mkazo, maana hapa ndipo lafudhi yetu inapotusaliti. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiongeza kiambishi nyuma mkazo unahama nacho: SO-ma, so-ME-ni. Kihispania hakifanyi hivyo. Mkazo unabaki pale ulipokuwa kabla ya kubandika: COM-pra, CÓM-pra-lo, CÓM-pra-me-lo. Ile alama juu ya irabu imewekwa kwa ajili hiyo, kukuzuia usiuhamishe.

Ukitamka com-PRA-lo kwa mazoea ya Kiswahili, utakuwa umesema neno lililopo, ila la nchi nyingine. Kwa vos, comprá ina mkazo mwishoni, na ukiongeza lo unapata compralo, mkazo kwenye PRA, bila alama. Buenos Aires ni sahihi kabisa. Mbele ya mtu wa Madrid au Lima uliyekuwa ukimwita tú, umeruka kwenda Argentina katikati ya sentensi. Mkazo una kazi nyingine pia: COM-pre ni "nunua" kwa heshima, com-PRÉ ni "nilinunua".

Kanuni ya kuandika ni fupi. Baada ya kubandika, hesabu silabi kutoka mwisho. Mkazo ukiangukia ya tatu au ya nyuma zaidi, weka alama: háblame, avíseme, léalo. Ukiangukia ya pili kutoka mwisho na neno likaishia na irabu, usiweke: habladme, compralo.

Vitenzi vya kujitendea, vile vyenye -se kwenye kamusi, hufuata njia hiyo hiyo. Levantarse (kuinuka): levántate kwa tú, levántese kwa usted, levántense kwa ustedes, levantate kwa vos. Nafsi mbili zina jambo la ziada. Vosotros hupoteza d mbele ya os: levantad + os ni levantaos, na kwa vitenzi vya -ir huwekwa alama juu ya i, kama cubríos la cabeza, jifunikeni kichwa. Nosotros hupoteza s: levantémonos.

Hatua ya 8: Sema maneno ya kazi yako

Amri hazikai kichwani kwa kukariri majedwali. Andika maelekezo unayoyatoa kila siku kwa Kiswahili au Kiingereza, kisha yageuze. Mfano ni wa dereva mwongozaji mwenye kundi la marafiki kutoka Hispania, mbugani:

Subid al coche, por favor. Abrid la ventana, pero hablad bajo. Guardad la comida en la mochila. Mirad a la izquierda. Apagad el flash. Esperad un momento.

(Pandeni garini tafadhali. Fungueni dirisha, lakini semeni kwa sauti ya chini. Wekeni chakula ndani ya begi. Tazameni kushoto. Zimeni mwanga wa kamera. Subirini kidogo.)

Kesho yake gari lile lile linapakia familia kutoka Kolombia:

Suban al carro, por favor. Abran la ventana, pero hablen bajo. Guarden la comida en la mochila. Miren a la izquierda. Apaguen el flash. Esperen un momento.

Angalia apaguen: u imeingia, kama tulivyoona kwenye hatua ya 6, wakati apagad haikuihitaji. Gari nalo limebadilika jina, coche likawa carro. Kwa Waajentina ungesema auto.

Na huu ni wa Kilimanjaro, ambako kilele kiko mita 5,895 na maneno machache yaliyoeleweka vizuri yanaweza kuokoa mtu. Unamwambia mgeni mmoja mtu mzima:

Camine despacio. Beba agua. Respire hondo. Avíseme si le duele la cabeza.

(Tembea polepole. Kunywa maji. Vuta pumzi ndefu. Niambie kichwa kikikuuma.)

Kama ni kijana mliyekwisha zoeana: Camina despacio. Bebe agua. Respira hondo. Avísame si te duele la cabeza. Kila mstari umebadilika, hata le iliyokuwa ndani ya sentensi imekuwa te. Kwa mtu wa Amerika ya Kilatini, maji mara nyingi hunywewa kwa tomar: Tome agua. Ningemtaka kila mpagazi na mwongozaji anayepokea wageni wa Kihispania aijue mistari hii minne bila kufikiri.

Hatua ya 9: Ukali na upole

Kiswahili hutuzoesha kuzungushia amri maneno laini: naomba, tafadhali, hebu. Kwa hiyo wengi wetu tukisikia Mhispania kwenye kaunta akiagiza kwa amri tupu tunadhani amekasirika. Hajakasirika. Huko amri yenye sauti ya kawaida ni njia ya kila siku ya kuomba, na por favor huongezwa pale inapohitajika. Sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini watu hulainisha zaidi. Meksiko, kwa mfano, utasikia Espere un momentito, kile kidogo kikifanywa kidogo zaidi.

Kuna amri ambazo zimekwisha kuwa salamu na adabu, na hizi zote zinatokana na vitenzi vya kawaida vya -ar. Perdone na Disculpe, kumwita mtu au kuomba radhi. Pase, "pita ndani", ambayo mwenyeji huirudia mlangoni, pase, pase, kama sisi tunavyorudia karibu. Mire, ya kuanzia maelezo, kama "sikiliza" yetu. Kwa mliyezoeana: perdona, disculpa, pasa, mira.

Vitenzi vya kuweka pembeni kwa sasa

Vinane vina umbo fupi la tú linalohitaji kukaririwa: di (sema), haz (fanya), ve (nenda), pon (weka), sal (toka), sé (kuwa), ten (shika), ven (njoo). Vingine hubadilisha irabu ya mzizi: cerrar, cierra, volver, vuelve, pedir, pide. Usijaribu kuvipitisha kwenye hatua hizi ukashangaa vinakataa. Sisi nasi tuna "njoo", "nenda" na "lete", na mgeni anayejifunza Kiswahili huvikariri tu.

Zoezi

Geuza hizi bila kutazama juu.

1. Andika jina lako hapa. (usted)
2. Lipeni hapa. (ustedes)
3. Nisubiri. (tú)
4. Nunua maji. (vos)
5. Tule. (nosotros)
6. Fungueni mabegi yenu. (vosotros)
7. Mwandikie. (usted)
8. Inukeni. (vosotros)
9. Vuka barabara. (usted)
10. Kinunue. (tú, kisha vos)

Majibu: 1. Escriba su nombre aquí. 2. Paguen aquí. 3. Espérame. 4. Comprá agua. 5. Comamos. 6. Abrid vuestras mochilas. 7. Escríbale. 8. Levantaos. 9. Cruce la calle. 10. Cómpralo; compralo.

Ukikosea la 1 au la 6, tatizo si kitenzi bali umiliki: su huenda na usted na ustedes, vuestro na vuestra huenda na vosotros. Ukikosea la 2 au la 9, rudi hatua ya 6. La 10 litamke kwa sauti mara kadhaa, moja baada ya jingine, mpaka anayekusikiliza aweze kusema ni lipi la Madrid na ni lipi la Buenos Aires.